Mbegu za Muzee wa Fimbo

Mama yangu aliweka mbegu za maharage ndani ya majivu. Alizichagua juu ya ungo, akitupa zilizotobolewa na wadudu, akazichanganya na majivu baridi ya jikoni, akazitia katika kibuyu chenye shingo ndefu. Shingo aliiziba kwa gunzi la hindi, kisha akakitundika kibuyu juu ya mlango wa chumba chake, mahali ambapo kila aliyeingia alikiona. Hakuwa na haja ya kukificha. Sisi tuliokua chini ya kibuyu kile tulijua kwamba kuna siku sufuria inapika mateke, yaani magimbi, matupu bila kitoweo, na kwamba hata siku hizo kibuyu hakishushwi. Katika milima ya Masisi, alikozaliwa mama, aliyekula mbegu zake hutazamwa kama mtu aliyevua nguo sokoni. Hakuna anayemgombeza. Watu wanageuza macho tu.

Naanza na kibuyu kwa sababu bila hicho huwezi kuelewa jinsi tulivyocheza.

Tuliishi Himbi, mtaa wa Goma, katika nyumba ndogo ya nyuma, ndani ya uwanja wa mfanyabiashara mmoja kutoka Butembo. Nchi ilikuwa bado inaitwa Zaïre. Nyumba yake kubwa ilitazama ziwa. Yetu ilitazama ukuta wa mawe meusi ya volkano, na kati ya nyumba yetu na ukuta huo mama alikuwa ameng'oa mawe mwaka baada ya mwaka mpaka akapata udongo wa kutosha mistari michache ya maharage. Kila jiwe alilolitoa alilipanga ukutani. Nikikumbuka utoto wangu, huwa nasikia kwanza mlio wa jembe likigonga jiwe, na mama akisema polepole, kama anayemwomba mtu apishe njia, "Nawe toka."

Mfanyabiashara huyo, tuliyemwita Papa wa mbele, alisafiri mbali. Alirudi na vitenge, redio na saa za ukutani. Safari moja, kutoka Hong Kong, alimletea mwanawe mashine ya michezo ya kuunganisha na televizio, pamoja na kaseti moja. Mwana huyo alikuwa rika langu. Alitufungulia mlango wa saloni, sebule yao, Jumamosi mchana, akatuonyesha mkeka mahali pa kukaa, akatukataza kuegemea makochi.

Maandishi ya mchezo ule hakuna aliyeweza kuyasoma, hata Papa wa mbele mwenyewe. Yalikuwa kama nyayo za kuku kwenye matope. Tulichoweza kusoma ni namba peke yake, maana namba zilikuwa zilezile za shuleni. Kwa hiyo tulijifunza dunia ile kama mtoto mchanga anavyojifunza ya kwetu: kwa kugusa, kuungua, na kuona nani ameanguka.

Walikuwamo wasafiri watatu. Kijana wa upanga alichukuliwa na mwenye mashine, bila mjadala. Mwanamke wa kanzu nyeupe, aliyeponya wenzake kwa kunyoosha mikono, nilimchukua mimi. Wa tatu alikuwa mzee mwenye ndevu hadi magotini, aliyetembelea fimbo na kurusha moto, na huyo alikuwa wa yaya.

Yaya ni kaka yangu mkubwa. Kwetu Goma kila mkubwa wako wa kuzaliwa ni yaya, lakini mimi nilikuwa naye mmoja tu, hivyo neno lilimtosha yeye peke yake. Sauti yake ilikuwa imekwisha kuwa nzito. Rafiki zake walishinda Kituku, ufukoni mwa ziwa, wakitazama mitumbwi na wasichana wanaonunua sambaza, dagaa wa kwetu, na yeye alikaa nasi mkekani, miguu mirefu imekunjwa, akimwendesha yule tuliyemwita Muzee. Alimwendesha kwa adabu. Kabla ya kuvuka daraja alisema, "Ngojeni, Muzee apumue," na tukangoja, ingawa mchezo haukutaka hivyo.

Mbegu ya kwanza tuliipata katika sanduku, ndani ya pango. Kijitabu cha mchezo kilikuwa na picha yake: kiganja kilichofunguliwa, na katikati yake kitu chekundu chenye umbo la haragwe, kimeanza kuchipua.

"Ni ya kula hii," alisema mwenye mashine. "Ngoja nimpe wangu."

"Hapana," alisema yaya. "Huoni imetoa kichipukizi? Hii ni mbegu."

"Na kama ni mbegu?"

"Mutu hakulaka mbegu."

Alisema hivyo, kwamba mbegu haziliwi, bila kuinua sauti, kama anayekumbusha kwamba maji yanalowesha. Nami nilitikisa kichwa kukubali. Mwenye mashine alitutazama, mimi na yaya, akacheka mpaka akalala chali. "Watu wa Masisi," alisema. "Mutaingiza jembe hata ndani ya televizio."

Lakini aliiacha. Nadhani naye aliona haya, maana bibi yake pia alilima kule Butembo.

Tangu hapo tulitafuta shamba. Wengine wangesema mchezo ule ulihusu jitu la mawe lililoziba mlango wa mlima na kulifungia jua ndani. Kwetu ulihusu kutafuta mahali pa kupanda. Kila tulipofika kijijini tulienda kwanza kwenye miraba ya kahawia nyuma ya nyumba, tukasimama hapo, tukabonyeza vitufe vyote vya manette, kile kidude cha kushikwa mkononi. Hakikutokea kitu. Tulipata mbegu nyingine, nyekundu, za njano, za buluu, nyeupe. Mkoba wa wasafiri ukijaa tulitupa dawa, tukatupa hata ngao, mbegu zikabaki.

Siku moja mama alituletea mahindi ya kuchoma, akasimama mlangoni mwa saloni kwa sababu hakupenda kukanyaga zulia la wenyewe.

"Munatafuta nini humo?"

"Shamba, mama," nilisema.

Alitazama televizio kwa muda, kwa makini yaleyale aliyotazamia mawingu. "Pale hapafai. Pameungua na jua. Mushuke karibu na mto."

Tukashuka karibu na mto. Hapakufaa vilevile, lakini mama alirudi jikoni ameridhika, na kwa siku kadhaa aliuliza wakati wa chakula kama tumepata udongo.

Kisha yaya akaondoka. Kule Rumangabo, kwenye makao ya mbuga, walikuwa wanachukua vijana wa kufundishwa kazi ya ulinzi wa wanyama, na baba alimjua mtu aliyemjua mtu. Si mbali. Lori zilizoleta kabichi mjini zilirudi upande huo tupu, na dereva mwenye roho nzuri alikubali abiria mmoja juu ya magunia matupu. Nilimsindikiza yaya hadi barabarani nikibeba viatu vyake vya pili, ambavyo havikuingia mfukoni.

"Musimalize bila mimi," alisema.

"Na mbegu?"

"Fungu langu muniwekee. Nitakuja Jumamosi."

Hakusema Jumamosi ipi.

Nyumbani kwetu mtu aliyesafiri huwekewa chakula siku anayotarajiwa. Mama alipakua bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, akafunika sahani kwa sahani nyingine iliyogeuzwa, akaiweka kwenye rafu karibu na jiko. Hakuna aliyeigusa. Jumapili asubuhi alituita, akatupa tule kile kilichokauka pembeni. Jumamosi iliyofuata alifunika tena.

Katika majuma hayo ndipo tulipojua kazi ya mbegu. Mwenye mashine alikuwa anatafuta dawa mkobani, dole gumba likateleza, na kijana wake wa upanga akaila mbegu nyekundu, si ile ya pangoni. Ulitoka mlio mdogo uliopanda juu, kama mtu anayepiga mluzi akiingia nyumbani. Namba ya nguvu ikaongezeka. Tukangoja ishuke, kama zilivyoshuka namba za dawa baada ya pambano, lakini haikushuka. Tukazima mashine, tukawasha tena. Namba ilikuwa palepale. Kumbe zilikuwa za kuliwa, na aliyekula hakurudi tena alivyokuwa. Nyekundu iliongeza nguvu, njano mbio, buluu ukali wa moto, nyeupe uhai.

Nilihisi aibu mwilini, kama kwamba kibuyu cha mama kimepasuka mbele yangu. Mwenye mashine hakuhisi aibu yoyote. Alinyoosha mkono kuchukua zote.

"Za yaya haziguswi," nilisema.

"Yaya yako hayupo."

"Ndiyo maana haziguswi. Aliyepo anaweza kujisemea."

Tuligombana mpaka Papa wa mbele akatoka chumbani, amevaa fulana, akataka aelezwe. Tulimweleza. Alivuta kiti, akaupima ugomvi wetu kama mtu anayepima bidhaa.

"Nyinyi munafanya mchezo wa watoto," alisema. "Ukigawa katatu, unapata wanyonge watatu. Muchague mumoja, mumupe zote, yeye awavushe wengine. Mimi katika ukoo wetu njo vile walivyonifanyia. Wote walikaa bila, nikaenda mimi."

"Na wao, Papa?" niliuliza. "Waliokaa bila?"

Alinitazama kidogo. "Wako kule Butembo," alisema, akainuka kwenda kutafuta viatu vyake.

Mama nilipomuuliza alikuwa anapepeta, na hakuacha kupepeta. Alisema kwake sahani zinalingana, ya aliyepo na ya asiyekuwepo, na aliyetaka kula ya mwenzake asubiri Jumapili asubuhi. Nilikaa nikijiuliza kama mchezo una Jumapili asubuhi.

Tukafanya kama mama. Mwenye mashine alikula fungu lake, akawa na upanga wa kutisha. Mimi nilikula langu, kidogo kidogo, nikifumba macho kila mlio ule ulipotoka. La yaya likabaki mkobani. Tukaenda kwenye mlango wa mlima, na jitu la mawe likamuangusha Muzee kwa pigo la kwanza. Bila moto wake hatukuweza kulimaliza. Tukarudi, tukaanguka. Jumamosi nyingine tukarudi, tukaanguka.

"Mupe basi ale," alisema mwenye mashine. Hasira zilikuwa zimemwisha. Sasa alikuwa anabembeleza. "Si ni zake? Hatuibi. Mupe nyeupe, apate uhai. Mupe ya mbio, akimbie. Mimi sitakula hata moja, naapa."

Aliniachia manette, akaenda kunywa maji, nadhani makusudi. Nilifungua mkoba. Nilikiweka kile kidole cha kuonyeshea cha kwenye televizio juu ya mbegu nyeupe, kisha juu ya uso wa Muzee, na nikabaki hapo. Sikujua yaya alimtaka aweje. Alipenda Muzee awe dhaifu wa mwili na mkali wa moto, au alikuwa amemvumilia tu? Hatukuwahi kuzungumza hayo. Nikimpa nguvu, atakuwa mzee mwenye nguvu daima, na siku yaya atakapoketi hapa atamkuta mtu mwingine ndani ya ndevu zilezile. Nje ya dirisha ziwa lilikuwa jeupe kwa jua. Nikafikiri kwamba huko Rumangabo, wakati huohuo, kuna watu wanampa yaya vitu: kutembea kwingine, kunyamaza kwingine, kusikia nyayo za mnyama kabla ya mtu mwingine kusikia. Vitu visivyoshuka tena. Na hakuna aliyeniuliza mimi apewe vitu gani.

Nikaufunga mkoba. Mwenye mashine alirudi, akaona. Alikaa mkekani karibu nami, tukauzunguka ule mlima mchana kutwa bila kuukaribia.

Yaya alikuja Jumamosi moja mvua ikikatika. Alivaa sare ya kijani na mabuti, na mabega yake yalijaza mlango. Mama alisimama na mwiko mkononi. Sahani iliyofunikwa ilikuwepo kwenye rafu. Ilikuwepo kila Jumamosi. Lakini mama alipita mbele ya rafu, akafungua kabati, akatoa sahani yenye maua, ile ya wageni, akaipangusa kwa kitenge chake na kupakua upya. Nilimwona yaya akiitazama ile sahani. Aliona maua. Kisha akasema, "Asante mama," na akala chote.

Saloni hakukaa mkekani, kwa ajili ya mabuti. Papa wa mbele mwenyewe alimwonyesha kochi. Mwenye mashine alimweleza kila kitu kwa pumzi moja, mbegu, mlio, jitu la mawe, na yaya alicheka mahali panapofaa, ila kwa kuchelewa kidogo, kama redio ya mbali.

"Kumbe zinaliwa," alisema. "Na nyinyi bado munazilinda."

"Ni zako," nilisema.

"Zote hizi?"

Nilimkabidhi manette. Vidole vyake vilikuwa na sugu mpya, akabonyeza kitufe kisicho sawa, mwenye mashine akamsaidia. Hapo ndipo alipotuambia, macho yake yakiwa kwenye televizio, kwamba wanampeleka kaskazini, kwenye kituo cha mwisho wa mbuga, ng'ambo ya ziwa lingine, si hili letu. Kutoka kule lori za kabichi haziji. Alisema chakula chao ni kizuri. Alisema viboko wa kule wanapiga kelele kama wazee wanaokohoa kanisani. Mwenye mashine alicheka. Mimi nilitazama mkono wake.

Mkono ulichukua mbegu nyeupe, ukaipitisha juu ya uso wa Muzee bila kusimama, ukaiweka kwa mwanamke wa kanzu nyeupe. Mlio ukapanda.

"Hapana," nilisema. "Huyo ni wangu. Hizo ni fungu lako."

"Njo maana nampa ninayemutaka."

"Muzee atakufa mlangoni."

"Muzee amezeeka," alisema yaya. "Weye ndiye utakayebaki hapa na mama. Kula."

Nyeupe nyingine, ya njano, nyeupe tena. Kila mlio ulipotoka nilitamani kuushika mkono wake, na sikuushika, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza tangu afike kumwona akifanya kitu kwa mwendo wake wa zamani, polepole, kwa adabu. Alipofikia ya mwisho, nyekundu, ile yenye kichipukizi tuliyoipata pangoni kabla ya zote, alisimama.

"Hii ibaki."

"Kwa nani?" aliuliza mwenye mashine.

Yaya alinigeukia. "Mama anamalizaga kibuyu?"

"Hapana."

"Basi."

Jioni ile, kabla hajaondoka, mama alikishusha kibuyu. Haukuwa msimu wa kupanda. Alitoa gunzi, akamimina mbegu na majivu yake katika leso ya yaya, akafunga fundo mara mbili. Yaya alitia leso mfuko wa kifuani, na majivu kidogo yakabaki kwenye kijani cha sare. Mama aliinua mkono kuyafuta, kisha akauteremsha.

Jumamosi iliyofuata tulilishinda jitu la mawe. Muzee alianguka kwa pigo la kwanza, kama kawaida, lakini mganga wangu, yule mwanamke wa kanzu nyeupe, hakuweza kuuawa. Alikuwa na uhai wa watu wawili. Mlango wa mlima ulifunguka. Nyuma yake kulikuwa na bonde pana, na bonde lote lilikuwa limelimwa, matuta ya kahawia mpaka mwisho wa televizio, na mto katikati kama mama alivyosema. Nilimsimamisha mganga kwenye tuta la kwanza, na ile mbegu nyekundu mkobani, nikabonyeza kitufe cha kwanza, cha pili, vyote. Nikahamia tuta la pili. Ardhi haikupokea.

Nilingoja kicheko cha mwenye mashine. Alikuwa amekaa amekumbatia magoti.

"Labda si msimu," alisema.

Muda si mrefu familia yake ilirudi Butembo na mashine ikaenda nao, imefungwa ndani ya blanketi. Ndani ya kaseti kulikuwa na betri ndogo iliyohifadhi safari yetu, na sijui betri kama ile huishi muda gani. Napenda kufikiri kwamba mganga bado amesimama kwenye tuta, ana uhai ambao si wake, na mbegu moja.

Yaya alikuja mara chache tena, miaka ikiwa imepita katikati, na kila alipokuja mama alitoa sahani ya maua. Tulikuwa tumezoea. Tulimuuliza habari za safari, naye akatuuliza habari za mji, kama watu wanaoheshimiana.

Ila kabla ya hayo yote, msimu mmoja baada ya leso ile, alifika mwanamke mmoja mchuuzi wa samaki wa kukausha, kutoka kaskazini. Aliuliza nyumba ya nyuma, akatua mfuko mlangoni, akasema kijana mmoja mwenye sare amemtuma, hakumpa neno la kusema. Mama aliufungua mfuko juu ya ungo. Maharage yalimwagika, mekundu, yenye madoadoa meupe upande mmoja tu. Yalikuwa yale ya kibuyu: hakuna mwingine Himbi, ila mama, aliyekuwa na maharage ya namna ile. Mama aliyapitisha vidoleni kwa muda mrefu, akitenga mazuri upande mmoja kwa ajili ya majivu. Yaliyobaki tuliyainjika siku hiyohiyo. Ilikuwa katikati ya juma, na hatukumtarajia mtu. Lakini alipomaliza kupakua alichukua sahani ya kawaida, ile yenye ufa ukingoni, akaijaza, akaifunika kwa nyingine, akaiweka kwenye rafu.